Mto wa Kochi Hubonyezwa Tumbo Kwanza

Mito yangu ya kwanza ya kochi niliinunua Birere, mtaa wa biashara hapa Goma, Kongo. Ilikuwa mitano, myeupe, yenye manyoya marefu kama ya paka wa kwenye kalenda. Kochi lilikuwa ndiyo limetoka kwa seremala, nami nilitaka mtu akiingia saloni, yaani sebuleni, agune kidogo kabla ya kusalimia. Weupe wake haukumaliza mwezi. Vumbi letu la Goma ni jeusi, ni mawe ya volkano yanayosagwa na magari na chukudu, zile baiskeli za mbao za kubebea mizigo, kutwa nzima, na likishaingia kwenye manyoya halitoki kwa kupangusa. Mito ikawa na rangi ya mbabula, jiko la makaa, iliyozimwa jana.

Hilo ningelisamehe. Lakini mmoja ulifumuka mshono, nikaona uliyoyameza: vipande vya sponji kuukuu ya njano, matambara yaliyokatwakatwa, na kifungo cha jinzi, uzi wake bado umening'inia. Miezi yote hiyo mwanangu alikuwa analaza shavu juu ya suruali ya mtu nisiyemjua.

Tangu siku hiyo, dukani siangalii sura ya mto. Nauweka mezani, naukandamiza katikati kwa ngumi, nahesabu mpaka tano, naachia. Ukiinuka pole pole mpaka ukajaa, tunaweza kuongea bei. Ukibaki na shimo, umeshakwisha kabla hujaulipia. Halafu naufinya pembeni kwa vidole viwili, maana pembe ndipo wauzaji wanapobania. Ukikuta madonge, hiyo ni sponji iliyosagwa. Muuzaji akikuambia, "Mama, unaniharibia bidhaa," mwambie mto mzuri hauharibiwi na ngumi.

Sponji ya vipande ni rahisi, sikatai, lakini ikilowa ni balaa. Huku tuko juu, karibu mita 1,500, na jua la kweli halipatikani kila siku. Kuanzia Septemba mpaka Desemba, na tena Machi mpaka Mei, sponji iliyomwagikiwa chai inaweza kukaa siku nne nje na bado ukiikamua inatoa maji. Harufu yake unaijua. Mafundi wengine wanajaza mabaki ya vitambaa vya kushonea. Mto wa namna hiyo unakuwa mzito kama tofali, unafaa kukalia chini, si kuegemea. Mimi nimebaki na zile nyuzi nyeupe nyepesi za poliesta. Hazinywi maji, zinakauka haraka, na zikilala unazichambua kwa mkono zikajaa tena. Kitu kimoja tu: ziwe mbali na mbabula, zinashika moto vibaya.

Nguo ya juu sinunui tena iliyo tayari. Nanunua kitenge yadi 3 na kumpelekea fundi. Hesabu yake niliifanya mwenyewe baada ya fundi wa kwanza kunirudishia mito mitatu na kuniambia kitambaa kimekwisha. Yadi 3 ni kama mita 2 na sentimita 74, na upana wa kitenge unazunguka sentimita 115. Ukitaka mto wa sentimita 45 kwa 45, kila kipande kikatwe 48 kwa ajili ya mshono. Vinakaa viwili kwa upana, mistari mitano kwa urefu, vipande kumi, mito mitano. Na bado unabaki ukanda mrefu wa kufungia nywele. Nenda na hesabu hiyo kichwani, useme kwa heshima: "Papa fundi, hapa itatoka mitano."

Kabla ya hapo, loweka kitenge usiku mmoja na ukianike. Cha pamba kinapungua maji ya kwanza, na ukikishona kabla ya kukiloweka, mto ukifuliwa unarudi umevaa nguo ya mdogo wake. Zipu ikae kwenye mshono wa chini. Usikubali ushonewe moja kwa moja bila zipu hata fundi akipunguza bei, kwa sababu kufua nguo tano za mito kunamaliza bidoni moja, yaani dumu moja la maji, lakini kufua mito mizima ni bidoni ngapi, na maji unajua yanavyopatikana. Halafu mto wa ndani uwe mkubwa kuliko nguo yake kwa sentimita mbili tatu. Watu wanafanya kinyume, ndiyo maana mito yao inaonekana kama imetoka kuugua.

Rangi ni ya kwako. Mimi nachukua kitenge kimoja chenye maua makubwa, kimoja chenye michoro midogo, na kitambaa kimoja kitupu kinachofanana na rangi iliyomo ndani ya hayo maua. Nyeupe na rangi ya maziwa nimewaachia wanaokaa kando ya lami.

Idadi, tafadhali. Kochi la watu watatu, mito mitatu inatosha. Zamani niliweka saba. Baba mkwe akaja kutoka Masisi, akasimama mbele ya kochi na kofia mkononi, akatafuta pa kukaa. Akaanza kuiondoa mmoja mmoja, anampa mjukuu, mjukuu anapanga juu ya televisheni. Alipoketi akaniuliza, "Binti yangu, hawa wengine walikuwa wanakaa wapi?"

Ukubwa wa 45 nauchagua kwa sababu nyingine pia. Volkano yetu ya Nyiragongo ililipuka usiku wa tarehe 22 Mei 2021, na siku tano baadaye tulipoambiwa tuondoke mjini, tulitembea kuelekea Sake pamoja na umati. Nilibeba vyeti, sufuria, blanketi. Mtoto akachukua mto wa kochi, hakuna aliyemwambia. Tulilala sakafuni, na kichwa chake ndicho pekee kilicholala vizuri.

Mto huo bado upo. Umeshabadilishwa nguo mara tatu, nyuzi nimeziongeza mara moja. Kila nikiurudisha saloni ukamilishe mitatu, jioni naukuta kitandani kwake. Nikimwuliza ananiambia ule si wa wageni. Kwa hiyo kochini kuna miwili, na nimeacha kushona mwingine.