Maswali ya Wasomaji: Watu na Majimbo ya Mombasa Kwenye Ramani

SWALI: Mhariri, assalamu alaikum. Nafundisha Jiografia katika shule ya sekondari hapa Likoni. Nimetumia programu ya QGIS kuweka takwimu za sensa ya 2019 kwenye ramani ya Mombasa, na Kisauni imetoka na rangi iliyokoza kuliko zote, ilhali sote tunajua kwamba Mvita ndiko kulikosongamana. Kwa nini?
Mwalimu, Likoni

JIBU: Waalaikumu salaam, mwalimu. Programu imepaka rangi idadi ya watu, na kwa idadi Kisauni yenye watu 291,930 inaishinda Mvita yenye 154,171. Lakini Kisauni ina takriban kilomita za mraba 88, na Mvita 15 tu. Ukigawanya idadi kwa eneo, Mvita hupata zaidi ya watu 10,000 kwa kila kilomita ya mraba na Kisauni 3,300 hivi, na hapo rangi nzito itahamia kisiwani. Kabla ya kupima eneo, geuza ramani kutoka digrii za latitudo na longitudo iwe katika mfumo wa UTM, kanda ya 37 Kusini, unaopima kwa mita. Tena, unapounganisha jedwali la sensa na faili ya mipaka, tumia namba za utambulisho badala ya majina, kwani herufi moja iliyozidi huacha eneo zima tupu.

Hata hivyo usiitupe ramani yako ya kwanza, kwa sababu katika siasa idadi yenyewe ndiyo yenye uzito. Ibara ya 89 ya Katiba yataka majimbo ya uchaguzi yakaribiane kwa idadi ya watu, na katika majiji inaruhusu tofauti isiyozidi asilimia 40. Wakenya 47,564,296 wa sensa hiyo, wakigawanywa kwa majimbo 290, wanatoa wastani wa 164,015, na kikomo cha juu kinakuwa takriban 229,600. Kisauni imekivuka, na kwenu Likoni pia, kwenye watu 250,358. Hesabu hii ni sahihi ikiwa mipaka ya kaunti ndogo za sensa inalingana na ile ya majimbo ya IEBC, tume ya uchaguzi na mipaka, hivyo laza tabaka moja juu ya jingine uhakikishe. Ramani inayoonyesha kila jimbo limepita au limepungua wastani kwa asilimia ngapi, ndiyo ningependa sana wanafunzi wako waichore.