Mwenyekiti sio mwenye kiti: kwa mnaoanza kusoma prufu

Nyie mnaoanza kusoma prufu za Kiswahili, yaani kusaka makosa kwenye maandishi kabla hayajachapishwa, hii ishu ya kuandika kama neno moja au mawili itawatoa jasho kuliko herufi zilizokosewa. Mi mwanzoni nilikuwa nasikiliza mdomo tu, nikilitamka kwa mkupuo naunga, nikivuta pumzi natenganisha, kumbe mdomo unaunga kila kitu ndo maana watu wanaandika kwanini, kwahiyo na kwasababu wakati ni kwa nini, kwa hiyo, kwa sababu.

Siku hizi naangalia neno linalofuata. "Mwenye kiti kipya" ni mtu tu kanunua kiti, upya ni wa kiti. "Mwenyekiti mpya", upya ni wa mtu, kiti kimeshamezwa humo ndani hukigusi tena, basi unga. Halafu ukija kwenye wingi kinachomoza kichwa: wenyeviti! Mwanamke naye hivyohivyo, wanawake. Ila mwanachama ni wanachama, hakuna wanavyama hata kama wametoka vyama 10. Hizo karirini tu.

Sasa niwape la kwangu. Nilipewa mswada mrefu, mwandishi kaandika wana siasa, wana michezo, wana sheria, kila mahali kaacha nafasi, nikaona ya nini kujichosha, nikaiamuru kompyuta kila penye "wana" na nafasi iifute hiyo nafasi, kitabu kizima kwa mpigo. Aisee. Watoto wana njaa wakawa "wananjaa", wakulima wana shida wakawa "wanashida" utadhani ni fani wamesomea, na kila Bwana akagandana na jina lake maana nayo inaishia na wana. Nilikesha siku mbili nikirudisha moja moja.

Ukikwama hapo ipeleke sentensi jana. Watoto wana njaa, jana walikuwa na njaa, umeona imebadilika, hiyo ni kitenzi, tenganisha. Wanasiasa hata uwapeleke mwaka juzi ni wanasiasa tu. Nina kazi, tuna shida, ana homa, zote dawa ni hiyohiyo.

Kuna mengine hayana dawa. Gari moshi na garimoshi nimeyakuta yote kwenye vitabu vya maana kabisa, hapo uliza ofisini kwenu wanatumia lipi, liandike kwenye karatasi ubandike ukutani, usije ukaunga ukurasa wa 3 ukatenganisha wa 40.