Nani amekuumiza, na kwa Kiingereza anaitwaje?

*Mwalimu, shikamoo. Naongoza wageni mlimani. Mgeni wangu aliishia Stella Point, karibu na kilele cha Kilimanjaro, akaanza kulia. Nikamwambia "Don't be heartbroken", akanitazama tu. Nilikosea wapi? (Mwongoza wageni, Moshi)*

Marahaba. Nia yako ilikuwa njema, ila neno lilizidi uzito. Sisi tukisema mtu amevunjika moyo, mara nyingi tunamaanisha amekata tamaa, yaani "discouraged". "Heartbroken" ni la aliyefiwa, aliyeachwa, aliyepoteza kitu kikubwa. Mtu aliyefika mita 5,756 akashindwa kumalizia hadi kilele cha Uhuru, 5,895, kwa kawaida ni "disappointed".

Kinachonisumbua zaidi ni hilo "don't be". Mtu amelipa, amepanda siku kadhaa, pumzi hana, nawe unamkataza kulia. Sema "I know you're disappointed", kisha nyamaza, mpe maji. Wapo pia wanaopanda na picha ya mama yao marehemu mfukoni. Huyo akikwambia mwenyewe "I'm heartbroken", usimpunguzie. Mjibu "I'm so sorry."

*Niliandika "I am heartbreaking", mwalimu akanikosesha. Kwa nini? (Mwanafunzi, Pasua)*

Kwa sababu umesema wewe ndiye unayeliza watu. Habari ya msiba ni "heartbreaking", anayeumia ni "heartbroken", na mwenye tabia ya kuacha wapenzi wakilia ni "heartbreaker". Hilo la mwisho wageni hulitumia pia kumsifu mtoto mwenye sura nzuri, kwamba akikua atawatesa wengi. Mama akiambiwa hivyo asikasirike.

*Mchumba wangu alitoa mahari, tarehe ikapangwa, kadi za mchango zikagawiwa. Kisha akazima simu hadi leo. Kazini mmoja anasema "he dumped you", mwingine "he ghosted you". Lipi sahihi? (Dada wa Sakina, Arusha)*

Pole sana, dada yangu. "Dump" ni kumwacha mpenzi, tena kwa kumtupa. "Ghost" ni kutoweka kimya, hapokei wala hajibu. Ni neno la enzi hizi za simu, na kamusi ya Merriam-Webster iliingiza maana hiyo mwaka 2017. Yote mawili yanawatosha watu waliojuana miezi miwili. Ninyi mlikuwa na ahadi mbele ya wazee, na kwa hiyo sikubaliani na wenzako hao. Sema "He jilted me." Neno hilo linabeba ahadi iliyovunjwa, na lawama inamwangukia aliyeivunja.

Mahakamani jambo hilo huitwa "breach of promise". Uingereza ilifuta mashauri ya aina hiyo kwa sheria ya mwaka 1970. Kwetu, Sheria ya Ndoa ya 1971, kifungu cha 69, inaruhusu kudai fidia. Kama nyumbani kwenu wameshaingia gharama, kusanyeni risiti na mwende kwa wakili mapema, msingoje aibu ipoe.

*Najiandaa na Kilimanjaro Marathon. Kile kilima cha mbio za Boston Marathon, Marekani, kinaitwa Heartbreak Hill kwa sababu kinachosha moyo? (Mkimbiaji, Moshi)*

Wengi hudhani hivyo, lakini jina lilitokana na tukio. Mwaka 1936 mkimbiaji Johnny Kelley alimfikia mwenzake Ellison Brown, aliyekuwa mbele, kwenye vilima vya Newton njiani mwa mbio hizo, akampigapiga begani. Brown akachomoka, akashinda mbio. Jerry Nason wa gazeti la Boston Globe akaandika kwamba pale ndipo moyo wa Kelley ulipovunjika.

Katika michezo, "heartbreak" ni kukosa kitu ulichokuwa karibu kukishika. Mkimbiaji wetu Juma Ikangaa anastahili neno hilo kuliko wengi: alikuwa wa pili Boston mwaka 1988, 1989 na 1990, na mwaka 1988 alizidiwa kwa sekunde moja tu! Bado naumia nikilifikiria. Aliyemaliza wa mia tatu atumie "disappointed".

*Bosi wetu Mwingereza amefiwa na mkewe. Niandike "I am heartbroken"? (Mhudumu wa hoteli, Njiro)*

Kama marehemu ulimfahamu na unamlilia, andika. Kama hukumjua, "I'm so sorry for your loss" inatosha, kisha nenda na wenzako mkampe mkono wa pole.