Vifaranga wanakufa usiku: angalia joto la bruda (sehemu ya kulelea vifaranga) kabla ya dawa

Swali: Shikamoo bwana mifugo. Niko Njombe, nimechukua vifaranga 100 wa kroila wa siku moja, nimewaweka kwenye chumba na jiko la mkaa katikati. Usiku wa pili wamekufa 9, wa tatu 14, asubuhi nawakuta wamelaliana kwenye kona. Mchana wanachangamka vizuri tu. Nimewapa antibayotiki ila hamna kitu. Nina matetea wawili wanaatamia, naweza kuwapa hawa wawalee?

Jibu: Marahaba dada, pole sana kwa hasara. Mchana wazima, usiku wanakufa, asubuhi wamelaliana kwenye kona, hiyo kwa vyovyote anza na baridi. Wakisikia baridi wanasogeleana, wa juu wanawakandamiza wa chini, wa chini wanakosa hewa, na kona ndo inawamaliza maana aliyesukumwa pale hana pa kutokea.

Kifaranga wa siku moja hawezi kujitengenezea joto la kumtosha, yale manyoya laini hayamsaidii sana mpaka aote manyoya kamili, wiki ya tatu ya nne hivi. Kwa mama yake angeingia chini ya mbawa, na mwili wa kuku una joto kama digrii 41. Wewe wiki ya kwanza mpe 32 mpaka 35, halafu punguza kama digrii 3 kila wiki mpaka ufike 21. Sasa kwa baridi ya huko Njombe umejaza jiko saa mbili usiku, saa nane mkaa umeshakuwa majivu, kuanzia hapo mpaka kunakucha watoto wako peke yao.

Kipimajoto usikitundike ukutani, kiweke usawa wa mgongo wa kifaranga. Kama huna, wao wenyewe watakuonyesha: wenye baridi wanalia kwa sauti kali na wamelisonga jiko, waliozidiwa joto wamekimbilia pembeni midomo wazi mbawa wameziachia, wakirundikana upande mmoja ujue kuna upepo unapita. Wakiwa wametawanyika, wengine wamelala wengine wanadonoa, hapo umepatia. Asubuhi mshike mmoja umuwekee miguu kwenye shavu lako, ikiwa ya baridi huyo hakupata joto usiku. Mpapase na gole pale chini ya shingo, linatakiwa liwe limejaa na laini. Likiwa tupu hajala, na asiyekula anaishi kwa kiini cha yai kilichobaki tumboni ambacho kinamfikisha siku mbili tatu basi.

Leo hii kata hiyo nafasi, tafuta hardboard au mabati uzungushe duara lisilo na kona, upana mita 1.5 kwa hao waliobaki inatosha wiki ya kwanza. Chini mwaga maranda makavu sentimita 5 mpaka 10 maana sakafu ya simenti inanyonya joto lote. Weka majiko mawili, la pili uliwashe kabla la kwanza halijazima, tena uliwashie nje mpaka moshi uishe ndo uingize, na uzungushie wavu wasiungue. Ila mkaa hata ukiwa mwekundu bado unatoa gesi yenye sumu isiyo na harufu, kwahiyo madirisha ya juu yabaki wazi kidogo, zuia upepo wa chini tu, na tafadhali wewe au mtoto msilale humo ndani.

Matetea, ndio, wanasaidia, kama wameshalalia wiki mbili na zaidi. Usiku gizani toa mayai, waingize vifaranga taratibu chini ya mbawa, kumi mpaka kumi na mbili kila mmoja, asubuhi ukae hapo uangalie, akidonoa watoe. Fanya haraka, wakishapita siku tatu nne tetea anawakataa. Kwanza mkague chawa na utitiri, na kama hajachanjwa kideri (ugonjwa wa Newcastle) mimi nisingemsogeza kabisa.

Antibayotiki acha. Ukirekebisha joto na bado wanakufa mpaka mchana, au unaona kinyesi cheupe kimegandia nyuma, chukua wawili watatu waliokufa muda huohuo, weka kwenye barafu, wapeleke maabara ya veterinari Iringa wawapasue.