Mbona "nimekula", lakini "sijala"?

Swali: Mwanafunzi wangu aliandika "nimela wali". Nilipomsahihisha, akauliza: kama ni "nimekula", mbona twasema "sijala"? Nimjibu vipi?

Jibu: Mkazo. Katika Kiswahili huangukia silabi ya pili kutoka mwisho: ku-SO-ma, wa-na-so-ME-a. Sasa -la ni silabi moja tu, hivyo mkazo unalazimika kukaa kwenye kiambishi kinachoitangulia, na viambishi vingine havikubali kuubeba. Vinavyokataa ni -na-, -me-, -li-, -ta-, -sipo- na virejeshi kama -ye-. Hapo ku- hubakizwa ili iubebe: ni-me-KU-la, tu-li-KU-nywa, a-na-ye-KU-ja.

Vinavyokubali ni -ki-, -ka-, -ja-, hu- na viambishi vya nafsi: a-KI-la, a-KA-fa, si-JA-la, HU-nywa, A-je. Hata -ku- ya ukanushi hukubali, ndiyo maana "sikula" yatosha na "sikukula" ni kurudia mzigo. Kwa -nge- utasikia "ningekula" na "ningela". Kwenye maandishi ningechagua ya kwanza.

Kiambishi cha mtendwa nacho huifukuza ku-: "chui amekula mbuzi", lakini "chui amemla mbuzi", a-me-M-la. Hiyo m haina irabu, ila ni silabi kamili inayobeba mkazo, sawa na ya m-tu. Hapa ndipo wengi hukosea kugawa silabi, kwa kuwa herufi hazitoi siri yote. "Anambeba" ni a-na-m-be-ba, maana m ni yule anayebebwa. "Anaimba" ni a-na-i-mba, maana mb ni sehemu ya mzizi na haitenganishwi. Kwa hiyo tafuta kwanza mofimu, yaani vipande vya neno vyenye maana, ndipo ukate silabi.

Mwonye mwanafunzi kuhusu -pa. Kitenzi hiki hakikai bila mtendewa, kwa hiyo ku- ya "amekupa" ni wewe uliyepewa, wala si ile ya "nimekula".

Ama -enda na -isha, vyenyewe vina silabi mbili na mkazo una pa kukaa: a-me-E-nda. Ku- ya "amekwenda" na "amekwisha" haidaiwi na mkazo, basi usimkate alama aliyeandika "ameenda".