Nimechoka kuandika "asante kwa uzima"

SWALI: Bwana Yesu asifiwe. Januari nilianza daftari la shukrani, mambo matano kila usiku kabla ya kulala. Kufika wiki ya tatu nikawa naandika yale yale: uzima, familia, kazi, chakula, usingizi. Sasa naona kama najaza fomu tu. Nakosea wapi?
Msomaji, Morogoro

JIBU: Maneno yako ni makubwa mno, ndugu. "Familia" haina sura wala saa, ndiyo maana jana na leo zinafanana. Fungua Zaburi ya 136. Mistari yake 26 yote inamalizia na "kwa maana fadhili zake ni za milele", lakini kinachotangulia hubadilika: mara jua litawale mchana, mara Bahari ya Shamu, mara Sihoni mfalme wa Waamori na Ogu mfalme wa Bashani kwa majina yao. Kiitikio ni kimoja, habari ni nyingi.

Kwa hiyo punguza matano yawe mawili, na kila moja liwe na nani, alifanya nini, saa ngapi, na lilimgharimu nini. Badala ya "asante kwa kazi", andika: "Saa kumi na mbili jioni konda alinirudishia elfu mbili niliyodondosha stendi ya Msamvu. Angeweza kunyamaza." Hilo la mwisho, angeweza kunyamaza, ndilo linalotofautisha shukrani na orodha ya mali. Usipoona kwamba mtu alijinyima kitu, umeandika tu kwamba mambo yako ni mazuri.

Saa nayo inakuangusha. Kitandani usingizi hushinda, na simu ikiwa karibu ndiyo basi. Weka daftari pale unapolia chakula, uandike vyombo havijaondolewa. Wengi wetu tunaombea chakula kabla na kuishia hapo, ilhali Kumbukumbu la Torati 8:10 linasema "nawe utakula na kushiba, nawe utamshukuru Bwana". Mistari inayofuata inaeleza sababu: aliyeshiba na kujenga nyumba nzuri ndiye moyo wake huinuka akasahau. Mwenye njaa hahitaji kukumbushwa kuomba.

Mara tatu kwa wiki zinatosha. Ukiruka siku, usilipe deni kwa kuandika manne kesho yake. Hapo ndipo fomu inaporudi. Jumamosi soma uliyoyaandika, chagua mtu mmoja, umpigie simu umwambie. Katika Luka 17 walitakaswa wakoma kumi, akarudi mmoja tu kushukuru. Huenda wale tisa nao walishukuru moyoni, nani ajuaye, lakini Yesu aliulizia waliorudi kwa miguu yao, na aliyerudi alikuwa Msamaria.

SWALI: Mume wangu alipunguzwa kazini mwezi Machi, na mtoto wetu wa pili ana selimundu (ugonjwa wa damu wa kurithi), hospitali ni kama nyumbani. Kanisani kila mtu ananiambia "mshukuru Mungu kwa yote". Nikishukuru najiona mwongo.
Mama wa watatu, Dodoma

JIBU: Pole sana, mama. Mstari wanaokutajia ni 1 Wathesalonike 5:18. Pale tunaposoma "kwa kila jambo", neno la Kigiriki ni "en", yaani "katika". Unamshukuru Mungu ukiwa ndani ya ugonjwa. Hudaiwi kuushukuru ugonjwa wenyewe. Atakayekufungulia Waefeso 5:20, "kwa mambo yote", mkumbushe kwamba Paulo huyo huyo alimsihi Bwana mara tatu amwondolee mwiba wake (2 Wakorintho 12:8).

Jaribu kufuata mpangilio wa Zaburi ya 13, mistari sita tu. Inaanza na "hata lini" mara nne, ikafuata ombi, na sifa zikaja mwishoni. Taja kwanza linalouma kwa jina lake: kodi ya nyumba, maumivu ya mtoto usiku wa manane. Kisha omba. Kisha shukuru kwa kitu kimoja kilichotokea leo, hata kama ni nesi aliyepata mshipa mara ya kwanza. Siku ambayo hicho kimoja hakionekani, ishia kwenye ombi. Zaburi ya 88 inaishia gizani, na haikutolewa kwenye Biblia. Mtoto naye asilazimishwe kusema asante akiwa kwenye maumivu. Akilazimishwa, atajifunza kwamba Mungu hapendi ukweli.

Na hao washauri wako wasome Yakobo 2:15-16, juu ya anayemwambia mwenye njaa "enendeni zenu kwa amani" bila kumpa kitu, kisha waje na unga.

SWALI: Nimepona baada ya upasuaji na nataka kutoa shukrani kanisani. Sadaka iwe kiasi gani, na ushuhuda uwe vipi?
Kijana, Mbeya

JIBU: Hakuna kiwango, ila usikope. Katika Mambo ya Walawi 7:15 nyama ya sadaka ya shukrani ilipaswa kuliwa siku ile ile, isibaki hata asubuhi. Mnyama mzima hamalizwi na nyumba moja, kwa hiyo ilibidi watu waitwe. Gawa basi: sehemu iende madhabahuni, sehemu ipikwe kwa waliokulaza, waliokuchangia na waliokuamkia hospitali.

Ushuhuda dakika tatu. Sema uliumwa nini, nani walikusaidia, uko wapi sasa. Mtaje na daktari, hampunguzii Mungu kitu. Usitaje kiasi ulichotoa wala waliokataa kukuchangia. Ukijisikia unaanza na "maadui zangu walidhani", rudisha maiki ukakae.