Bili imepanda, maji ni yaleyale

SWALI: Mhariri habari za kazi. Tunaishi nyumba ya kupanga, familia nne mita moja. Bili imepanda alafu wametuongezea na tozo ya huduma ya kila mwezi, hata usipotumia tone unalipa. Wanasema hela ya kubadilisha mabomba ya zamani. Sasa mvua inanyesha bure na mabomba yalilazwa zamani, mi nalipia nini?

JIBU: Pole sana. Maji kweli yanashuka bure ila kuyasafisha na kuyasukuma mpaka kwenye koki yako ndo kuna gharama, na bomba linazeeka chini huko hata kama mwezi mzima ulisafiri, tozo ndo ya hiyo. Bomba la chuma la miaka mingi ukilikata unakuta kutu imejaa ndani mpaka tundu limebaki dogo, wakiongeza presha linapasuka. Na bei ikikaa chini muda mrefu kinachoachwa kwanza ni matengenezo, maana nani anayaona? Mabomba yanavuja, maji hayafiki, watu wanagoma kulipa, hela inazidi kukosekana.

Ila kupandisha bei tu haitoshi, hapo niko na wewe. Phnom Penh kule Kambodia mwaka 1993 zaidi ya asilimia 70 ya maji yalikuwa yanavuja, yanaibwa au hayalipiwi. Wakafunga mita, wakabadilisha mabomba, wakawabana hata wakubwa waliozoea vya bure, na bei ikapanda watu wakiona maji yanatoka. Upotevu ukashuka chini ya asilimia 10.

Kwenu mi naona shida ni hiyo mita moja. Kama bei yenu ni ya ngazi, uniti za mwanzo rahisi alafu zinapanda, basi familia nne mnahesabiwa mteja mmoja, ngazi ya chini mnaimaliza fasta, na mwenye bustani anayeishi peke yake anaweza kulipa uniti kwa bei nafuu kuliko nyinyi. Ombeni mita zenu, ila pigeni hesabu kwanza maana tozo nazo zitakuwa nne.

Usiku fungeni koki zote mkaangalie mita. Kale kagurudumu kakizunguka, kuna bomba linavuja upande wenu, tafuteni fundi. Na watu wa mamlaka ya maji nao waulizeni hivyohivyo: saa nane za usiku watu wamelala, maji mengi kiasi gani bado yanaingia mtaani, na yanaenda wapi?